Maswali na Majibu: Nani Atamwogesha Baba?

Barua tatu ninazozijibu katika toleo hili zimetoka mahali patatu tofauti, lakini zote zinahusu kampuni zinazopeleka wahudumu majumbani kuwatunza wazee. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa mwandishi wake ana siku chache za kuchukua hatua na kwa kuwa najua familia nyingi zilizo katika hali kama yake.

SWALI: Shikamoo. Tunaishi na baba yetu, mwenye umri wa miaka 74, huko Brooklyn Park katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya udobi katika nyumba ya wazee kwa miaka 14, na sasa ana Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee. Miezi mitatu iliyopita alipata kiharusi na upande wake wa kulia ukapooza. Alipotoka hospitalini tuliambiwa kuwa kampuni ya huduma za nyumbani itakuja, nasi tukadhani atakuja mtu wa kukaa naye kutwa. Kumbe anayekuja ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, pamoja na mhudumu wa kumwogesha anayekaa kwa muda usiofika saa moja. Mimi hufanya kazi usiku, na mke wangu hawezi kumwogesha baba mkwe wake. Kwetu hilo ni mwiko. Sasa kampuni imesema itaacha kuja kwa sababu baba hapati nafuu tena. Ndugu zetu walioko Kenya nao wanasema kwamba kumleta mgeni amtunze mzee ni kumtupa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Naanza na lile la kampuni kuacha kuja, kwa sababu ndilo lenye haraka.

Hoja kwamba mgonjwa "hapati nafuu tena" haitoshi, peke yake, kumwondolea mtu huduma inayolipwa na Medicare. Mwaka 2013 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano katika kesi ijulikanayo kama Jimmo dhidi ya Sebelius, na makubaliano hayo yaliweka wazi kwamba kinachoangaliwa ni iwapo mgonjwa anahitaji ujuzi wa mtaalamu, hata kama kazi ya mtaalamu huyo ni kumzuia asirudi nyuma au kuipunguza kasi ya kudhoofika kwake. Mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kabisa kuwa katika hali hiyo, kwa maana bila mazoezi yanayosimamiwa vizuri viungo hukakamaa, bega huanza kuuma, na mguu uliokuwa ukibeba uzito kidogo hushindwa hata hicho kidogo. Inasikitisha kwamba zaidi ya miaka kumi baada ya makubaliano hayo, familia bado zinaambiwa maneno yale yale.

Kabla ya huduma kukatizwa, kampuni inapaswa kumpa baba taarifa ya maandishi isiyopungua siku mbili kabla ya siku ya mwisho ya huduma. Isomeni taarifa hiyo siku ile ile mtakayoipokea. Ndani yake pameandikwa namna ya kukata rufaa ya haraka kwa chombo cha mapitio kisicho sehemu ya kampuni, na rufaa hiyo hupokelewa hadi saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya mwisho ya huduma, si baadaye. Mpigieni pia simu daktari anayemtibu baba, mkamwombe aandike kwa maneno yake kwa nini mgonjwa bado anahitaji mtaalamu na ni hatari gani itakayompata mtaalamu asipokuja. Barua ya daktari inayotaja hatari hiyo waziwazi itawafaa kuliko maelezo marefu ya familia.

Sasa nije kwenye lile lililowashangaza, yaani mtu wa kukaa kutwa ambaye hakuja. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, na siwalaumu, kwani neno "huduma za nyumbani" hutumiwa kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni matibabu yanayoletwa nyumbani: muuguzi wa kufunga kidonda au kubadilisha mpira wa mkojo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtaalamu wa kumrudishia mgonjwa usemi na uwezo wa kumeza. La pili ni msaada wa maisha ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kupikiwa, kukumbushwa dawa, kuwa na mtu karibu. Medicare hulipia la kwanza. La pili hulilipia kwa kiasi kidogo tu, na kwa muda ule tu ambao lile la kwanza linaendelea. Mhudumu anayemwogesha baba amekuja akiwa nyuma ya mtaalamu wa mazoezi. Mtaalamu akiondoka bila mwingine kuendelea, mhudumu naye anaondoka.

Masharti ya Medicare ni haya. Daktari au mtabibu mwingine anayeruhusiwa lazima awe amemwona mgonjwa na kuthibitisha kwamba anahitaji huduma ya kitaalamu ya vipindi vifupi, na kwamba kutoka nyumbani kwake ni kwa taabu kubwa. Taabu hiyo haina maana kwamba mgonjwa amefungiwa ndani. Baba akipelekwa kanisani au msikitini, kwa daktari, au mara mojamoja kwenye shughuli ya familia, hapotezi haki yake, ingawa nimewahi kukutana na familia zilizomnyima mzee wao ibada kwa miezi kadhaa kwa kuogopa jambo hilo. Muda wa muuguzi na wa mhudumu ukijumlishwa, kwa kawaida hauvuki saa 8 kwa siku wala saa 28 kwa wiki, na hicho ni kikomo cha juu ambacho wagonjwa walio wengi hawakikaribii. Mgonjwa halipi kitu kwa ziara hizo, ila kwa vifaa kama kiti cha magurudumu hubakiwa na asilimia 20 ya gharama baada ya kumaliza kiwango cha mwaka anachotakiwa kukilipa mwenyewe kwanza. Malezi ya saa 24, chakula cha kuletewa, na usafi wa nyumba usiohusiana na matibabu havimo.

Yote anayofanyiwa baba yameandikwa katika mpango wa matunzo, ambao daktari huutia saini na ambao hupitiwa upya angalau kila baada ya siku 60. Ombeni nakala yake. Karatasi hiyo ndiyo inayotawala. Kilichosemwa na mtu wa mapokezi kwa simu, au kilichochapishwa kwenye kipeperushi chenye picha ya mzee anayetabasamu, hakimfungi mtu yeyote. Mwambieni muuguzi msimamizi kwamba baba anahitaji mhudumu mwanamume, na mwelezeni kwa nini. Mweleze pia juu ya mwiko wa mkwe, bila aibu, kwa sababu mtu aliyekulia kwingine hawezi kuubuni mwenyewe, na asipoelezwa anaweza kuandika kwamba "kuna mwanamke nyumbani wa kumsaidia mgonjwa." Kampuni haiwezi kuwaahidi mwanamume kila siku, lakini ombi lililoandikwa huwa na uzito kuliko lalamiko la baadaye. Na kama Kiingereza cha baba hakitoshi kueleza maumivu yake, kampuni inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mkalimani bila malipo. Msimfanye mjukuu kuwa mkalimani wa babu yake katika mambo ya msalani. Mnawaumiza wote wawili.

Kuhusu mtu wa kukaa na baba kwa saa nyingi, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kulipa wenyewe, ambayo kwa familia ya kipato cha kawaida humaliza akiba upesi. Ya pili ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo Minnesota huiita Medical Assistance, na ndani yake mna mpango uitwao Elderly Waiver kwa watu wa miaka 65 na zaidi wanaohitaji matunzo ya kiwango cha nyumba ya wauguzi lakini wanataka kubaki nyumbani. Pigeni simu kaunti yenu mkaombe tathmini ya mahitaji yake. Kuanzia mwaka 2024 jimbo lilianza pia kuhamia kwenye mpango mpya wa msaada wa kibinafsi, unaofupishwa CFSS, ambamo mtoto mtu mzima anaweza kuajiriwa kumtunza mzazi wake na kulipwa kwa saa anazofanya kazi. Kwako wewe ambaye unafanya kazi usiku, hili linastahili kufikiriwa kwa makini, kwani huenda ukapunguza zamu za nje na ukamwogesha baba wewe mwenyewe.

Lakini Medicaid huangalia kipato na mali, na baada ya kifo cha mtu aliyetunzwa akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, jimbo hudai kurudishiwa gharama kutokana na mirathi yake. Kama baba ana nyumba kwa jina lake, muoneni mwanasheria wa mambo ya wazee kabla ya kusaini, na msikimbilie kuihamisha nyumba kwa jina la mtoto, kwa sababu uhamisho wa namna hiyo unaweza kumzuia asipate huduma kwa muda mrefu.

Mkifikia hatua ya kuchagua kampuni nyingine, kumbukeni kwamba hata hospitali inapompa mgonjwa orodha ya kampuni, uchaguzi ni wa mgonjwa. Minnesota hutoa leseni za aina mbili kwa kampuni hizi, ya msingi na ya kina, na yenye leseni ya msingi inaweza kumwogesha na kumkumbusha baba dawa, lakini haiwezi kumfanyia kazi za uuguzi. Sheria ya jimbo inaitaka kampuni impe kila mteja hati ya haki zake kabla ya huduma kuanza. Ulizeni kwanza ni nani atakayekuja pale mhudumu wa kawaida atakapougua. Ukisikia kimya kirefu baada ya swali hilo, endelea kutafuta.

Limebaki lile la ndugu zenu. Mama yangu mzazi alipovunjika nyonga, tulikataa mhudumu kwa miezi miwili kwa sababu hiyo hiyo ya watu watasemaje. Tulipokezana watoto wanne, wote tukiwa na usingizi, na mwisho wa miezi hiyo mama alikuwa na kidonda cha malazi mgongoni ambacho hakuna aliyekiona mpaka kilipoanza kutoa harufu. Kilikuwa kimeanza kama wekundu mdogo ambao mhudumu aliyefundishwa kumgeuza na kumkagua mgonjwa angeuona siku ya kwanza. Waambieni ndugu zenu kwamba baba yuko nyumbani mwake, anakula chakula anachokijua, anasikia lugha yake, na aliyeongezwa ni mtu wa kumgeuza vizuri. Wale wanaosisitiza zaidi wakaribisheni waje wakae naye wiki moja. Nasema hivi kwa wema, kwa sababu wapo watakaokuja kweli, na mtawahitaji.

SWALI: Mimi nafanya kazi Doha na mama yangu yuko Kisauni, Mombasa. Ana miaka 79 na ameanza ugonjwa wa kusahau. Mara mbili ametoka nje alfajiri akidai anakwenda shuleni. Nililipa ofisi moja iniletee mhudumu "aliyesomea unasi." Msichana aliondoka baada ya wiki tatu, na ofisi inataka nilipe ada upya ndipo iniletee mwingine. Je, ni haki? Na nifanye nini nikiwa mbali?

JIBU: Dada yangu, jibu linategemea karatasi uliyosaini, na nina wasiwasi kwamba hukupewa karatasi yoyote. Kenya kuna ofisi zinazokutafutia mtu, zikachukua ada yao na kazi yao ikaishia hapo. Mwajiri unakuwa wewe. Na kuna kampuni ambazo mhudumu ni mwajiriwa wao, wanamlipa wao, wanampa likizo wao, na akiondoka usiku wanaleta mwingine kwa sababu walichokuuzia ni huduma na si jina la mtu. Aina ya pili ni ghali zaidi kwa mwezi. Ofisi yako inaelekea kuwa ya aina ya kwanza, na kama mlikubaliana kwa simu tu, itakuwa vigumu kuilazimisha. Jaribu kudai muda wa majaribio kwa huyo anayefuata, iandikwe kwamba akiondoka ndani ya miezi mitatu utaletewa mwingine bila ada, na usitume pesa kabla ya kuuona mkataba.

Ukiwa mwajiri, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakuhusu hata ukiwa Doha. Mhudumu ana haki ya mkataba wa maandishi iwapo ajira ni ya miezi mitatu au zaidi, angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Sijui kwa nini msichana wako aliondoka, lakini naomba ujiulize kama alikuwa akilala. Mgonjwa wa kusahau anayeamka alfajiri kwenda shuleni humwamsha na mtunzaji wake, na mtu mmoja hawezi kukesha naye usiku na kumpikia mchana kwa wiki tatu mfululizo. Kama uwezo wako unatosha mtu mmoja tu, mtafute ndugu au jirani wa kulipwa kitu kidogo alale pale angalau usiku tatu kwa wiki. Weka pia komeo juu ya mlango wa nje, mahali ambapo mama hatazami, lakini anayelala naye awe na uwezo wa kulifungua mara moja moto ukitokea.

Neno "nasi" lisikudanganye. Mitaani huitwa hivyo mtu yeyote aliyevaa sare. Muuguzi wa kweli amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na ana leseni inayohuishwa. Omba namba yake na uihakikishe mwenyewe. Lakini pia jiulize kama mama anahitaji muuguzi. Kwa unavyoeleza, hana kidonda wala mpira wa chakula. Anahitaji mtu mvumilivu asiyembishia anaposema anakwenda shuleni, ambaye atamwambia shule leo imefungwa na kumketisha anywe chai. Uvumilivu huo si lazima uambatane na cheti. Mtu aliyemuuguza bibi yake kijijini mpaka mwisho anaweza kuwa nao kuliko mwenye vyeti vitatu, ingawa hilo pia halitoshi bila kuwapigia simu watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi.

Usimpe mhudumu namba ya siri ya M-Pesa ya mama, hata kwa ajili ya maziwa. Mtumie pesa za matumizi kwenye simu yake mwenyewe na aweke risiti. Nunua daftari la kurasa nyingi, na kila siku aandike mama amekula nini, amekunywa dawa gani saa ngapi, amekwenda choo, amelala kiasi gani, kisha akupigie picha ukurasa huo jioni. Kamera sebuleni na mlangoni naielewa, mradi mhudumu ajulishwe mapema. Chumbani na bafuni usiweke. Mama amesahau mambo mengi, lakini bado ni mtu mzima ambaye hakuwahi kukuruhusu umwangalie akivua nguo.

Muhimu kuliko kamera ni mtu mmoja wa Mombasa, shangazi au rafiki wa mama, atakayepita bila kutoa taarifa. Anuse chumba, aangalie kucha, amtazame mama machoni mhudumu anapoingia. Mgonjwa wa kusahau anaweza asikumbuke aliyemfinya jana, lakini mwili wake hujikunyata anapomwona.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, mhudumu wa wazee kupitia kampuni huko Texas. Binti wa bibi ninayemtunza ananitaka nifue nguo za watoto wake na, tangu wiki iliyopita, nimchome bibi sindano ya insulini kwa sababu yeye anawahi kazini. Nampenda bibi na sitaki kuonekana mkaidi.

JIBU: Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani bibi anapata pia huduma ya muuguzi wa kampuni hiyo hiyo. Nguo za bibi ni zako. Za watoto si zako, na unaweza kulisema hilo kwa upole huku ukimwonyesha binti mpango wa matunzo, kwa kuwa huenda hajawahi kuusoma. Sindano ni jambo lingine kabisa. Sheria ya serikali kuu inataka mhudumu wa afya wa nyumbani, katika kampuni zinazolipwa na Medicare, awe na mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo 16 za vitendo chini ya usimamizi, na mafunzo hayo hayakufanyi uwe mwenye kuamua dozi. Insulini ikizidi kidogo, au bibi akichomwa kisha akakataa kula, sukari inaweza kushuka akazimia mikononi mwako mkiwa wawili tu nyumbani. Usifanye hivyo kwa kuelewana na binti pembeni.

Mpigie muuguzi msimamizi leo, kabla ya zamu ya kesho. Bibi akiwa anapata huduma ya uuguzi, muuguzi huyo anapaswa kuikagua kazi yako angalau kila baada ya siku 14, kwa hiyo simu yako si uchongezi. Mwambie mambo matatu: sindano ni ya saa ngapi, binti huondoka saa ngapi, na umeshaichoma mara ngapi. Hilo la tatu usilifiche hata kama linakutisha, kwa sababu atahitaji kujua bibi alipewa nini siku zipi. Yeye ndiye atakayezungumza na daktari juu ya kubadili saa ya sindano, au kumfundisha jamaa mwingine wa familia, au kumtuma muuguzi. Kisha andika kwenye daftari la zamu tarehe, saa uliyopiga simu, na jibu ulilopewa.